Hodi kwa Mti

Kwa miaka sita miti niliijua kwa gunia. Ukinionesha mgunga kule Handeni, nilikuwa siuoni mgunga, naona magunia manane, labda tisa kama shina limenyooka. Nilijua mgunga una mkaa mzito unaokaa jikoni, na mwembe una mkaa mwepesi unaokwisha maharage hayajaiva. Nilijua tanuri likiwashwa hutoa moshi mweupe mzito kwanza, maji yanatoka hayo, na moshi ukishakuwa mwembamba wenye rangi ya samawati mkaa umeiva, ziba matundu upesi kabla hujarithi majivu. Nililala kando ya tanuri na koleo mkononi. Mtu asiniambie nilikuwa siijui miti. Niliijua kama mchinjaji anavyomjua ng'ombe.

Mzigo wa mwisho ulikamatwa kwenye kizuizi. Sikuwa na kibali, kosa langu mwenyewe. Nikarudi Tongoni, karibu na Tanga mjini, kwa bibi mzaa mama, mikono mitupu na kikohozi cha moshi. Siku ya tatu, yeye kakalia mbuzi anakuna nazi, akaniuliza bila kuinua uso:

"Hiyo miti uliyoikata, uliiaga?"

Nikacheka. "Bibi, mti nao huagwa?"

"Kwani ulipofika uliisalimia?"

Yeye hakucheka. Haya ninayoandika ni yale aliyonifundisha baada ya hapo, pamoja na niliyokosea mwenyewe. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Sina dawa ya kuuza, siagui, wala sitakwambia mti utakupa mume. Ninachokijua ni namna ya kuzoeana na mti mpaka usiwe mgeni kwake, na ardhi uliyopo mpaka uone aibu kuitupia taka.

Mti wa kandambili

Watu wakipata hamu ya mambo haya hukimbilia mbali: Amani, Magoroto, Mapango ya Amboni. Nendeni, ni pazuri. Lakini mti wa kuzoeana nao ni ule unaoufikia kwa kandambili, bila nauli. Mti wa mbali utauona kwenye picha zako tu. Wa karibu utauona ukipukutika, ukitobolewa na wadudu, ukifungwa mbuzi na jirani, na ukinyeshewa siku ambayo wewe umejikunyata barazani. Usichague kwa uzuri. Mwarobaini wa nje ya geti, ule wanaoegeshea bodaboda, unatosha kabisa. Mkungu wa wacheza bao unatosha.

Wa mjini mtaniambia miti hakuna. Basi anzeni na majina. Mikanjuni hapa Tanga ni penye mikanju, na mkanju ndio huohuo mkorosho. Wengine huuita mbibo, ndipo Dar ikapata Mabibo yake. Mkwakwani, uwanja wa mpira tunakokwenda kujikausha koo kwa ajili ya Coastal Union, jina limetoka kwa mkwakwa, mti wa porini wenye tunda la mviringo, ganda gumu la kupasua kwa jiwe. Wanangu wamelitaja Mkwakwani tangu wajue kusema, na mkwakwa wenyewe hawajapata kuuona. Basi kazi yako ya kwanza, kabla ya kukaa chini ya mti wowote, ni kuuliza mtaa wako umeitwa kwa mti gani, na kuutafuta mmoja ulio hai. Muulize mzee, na ukifika anza na shikamoo usianze na swali. Mimi hadi leo kila nikipata mgeni namuuliza kwao panaitwaje. Utashangaa Mbuyuni na Mkuyuni zilivyo nyingi nchi hii, na mibuyu na mikuyu yenyewe imebaki mingapi.

Mara saba bila kuomba

Sharti la bibi lilikuwa hili: nenda mara saba, usiombe kitu. Usiombe kazi, usiombe afya, usiombe hata utulivu. Siku ya kwanza alinipeleka mwenyewe kwenye mbuyu ulio mpakani mwa shamba lake. Hatua kama kumi kabla ya kufika akasimama, akavua kandambili, akasema "Hodi," akasubiri. Nami nikavua. Akakaa chini kivulini. Nilipotaka kuegemea shina akanigusa goti: "Humuegemei mtu hujamjua."

Tukakaa hivyo bila neno. Nilitaka kuvuta sigara, nikaona haya. Siafu mmoja akapanda unyayoni, nikamkung'uta. Nilidhani zimepita saa mbili. Tuliporudi wali ulikuwa bado haujakauka.

Fanya hivyo. Nenda saa ileile kila mara, alfajiri au baada ya alasiri, mchana jua litakufukuza. Simu iache nyumbani, au izime kabisa, maana ukiiweka tu kimya bado mkono utaitafuta. Vua viatu. Piga hodi hata kama kwa moyo, kisha ngoja kidogo kabla ya kuingia kivulini. Sababu za bibi za kungoja zilikuwa zake, za kwangu ni kwamba hapo ndipo ninapoona kama kuna nyoka, nyuki au mtu aliyelala.

Chukua daftari dogo. Kila safari andika kitu kimoja ulichokiona, si ulichokihisi. Hisia zako utazikuta nyumbani. Daftari langu la mwanzo ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Mti mkubwa. Siafu." Ndiyo yote niliyoweza kuona, mimi niliyejidai fundi wa miti. Safari ya tano nikaandika kwamba upande wa kusi ganda lina makovu ya zamani ya kukata ngazi, vishimo viwili viwili kwenda juu, kazi ya warina asali. Ya sita, kwamba jani la mbuyu si moja, ni vijani vitano vilivyokaa kama vidole. Ya saba nilipofika nikajikuta nimeshasema "Salaam aleikum" kwa sauti, na mwendesha baiskeli akanipita anacheka.

Baada ya hapo egemea. Weka mgongo, weka kiganja. Sema yako kama unayo.

Sheikh atasemaje

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama. Mke wangu alipoambiwa naonekana mbuyuni kila magharibi, alidhani nimeanza kufuga jini. Pwani hii mbuyu na magharibi ni maneno mawili yasiyowekwa pamoja mbele ya watoto. Ikabidi nieleze nyumbani, na baadaye nieleze msikitini.

Nilichosema ni hiki. Sura ya Al-Israa, aya ya 44, inatuambia hakuna kitu ila kinamsabihi Mwenyezi Mungu, ila sisi hatuzifahamu tasbihi zao. Ar-Rahman, aya ya 6, inasema miti inasujudu. Basi nikikaa chini ya mbuyu nimekaa na anayesabihi, na kuna ubaya gani kukaa na mwenye kusabihi? Tunasomeshwa pia habari ya gogo la mtende lililolia pale Mtume alipotengenezewa mimbari akaacha kuliegemea, mpaka akaenda akalituliza kwa mkono wake. Na tunaambiwa Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande.

Mpaka wangu ni huu: siuombi mti. Namwomba Mungu nikiwa na mti. Sifungi kitambaa, sichinji, simwagi damu kwenye mizizi. Jirani zangu Wakristo wana mpaka wao, na wapo wazee ambao mpaka wao uko mbali zaidi ya wangu. Ukiingia Amboni utaoneshwa mahali pa mzimu, utakuta chupa za marashi na sarafu walizoweka watu wenye shida zao. Simcheki aliyeziweka wala sigusi kitu chake. Ila ukiniuliza mimi, mti hauna haja na marashi.

Zawadi ni kazi

Una haja na nini? Angalia shina kwa macho. Miti mingi ya barabarani Tanga imepigiliwa vibati: mganga kutoka mbali anatibu nguvu za kiume, anarudisha mpenzi, namba ya simu hii hapa. Nenda na koleo la misumari, ukang'oe. Nimeshang'oa misumari 23 kwenye mwembe mmoja. Tazama kama kuna waya au kamba ya nailoni iliyofungwa miaka iliyopita, shina limenenepa limeanza kuimeza. Ikate taratibu, na ile iliyokwisha kuzama ndani iache, ukiivuta utachana ganda. Ondoa mifuko. Mzuie anayechoma majani shinani, na mzuie kwa adabu, maana pengine ndiye mwenye kiwanja. Mti mchanga upe ndoo ya maji Januari na Februari, kaskazi inapokausha; mti mzima hauhitaji ndoo yako, usijisumbue.

Hii ndiyo sadaka. Niliona tofauti tangu nilipoanza kazi: kukaa tu kulinifanya nitulie, kung'oa misumari kulinifanya nirudi.

Ukichukua

Utachukua, hakuna asiyechukua. Majani ya mwarobaini kwa homa, ya mlonge kwa mboga, ganda kwa dawa ya bibi yako. Chukua kama mtu atakayerudi.

Ganda ndilo hatari, na hapa nawasema hata waganga wenzetu. Chini tu ya ganda ndimo chakula kinamoteremka kutoka majani kwenda mizizi. Ukizungusha panga ukalibandua duara zima, umekata njia yote: mizizi inakufa njaa na mti unakauka wima huku majani ya juu yakikudanganya kwa wiki kadhaa. Nimewahi kuua mti hivyo makusudi ili ukauke kabla ya kukata, kwa hiyo najua ninachosema. Bibi alichukua hivi: anasema haja yake, anachonga upande wa macheo ukanda mwembamba uliosimama wima, upana wa vidole viwili, urefu wa shubiri. Kama haukutosha, anaenda upande wa machweo, hapanui pale pale. Kisha anapaka jeraha udongo mbichi. Mara nyingine haendi mpaka pale pa kwanza pamefunga. Mbuyu peke yake ndio unaosamehe sana, ganda lake huota upya hata ukivuliwa shina zima, na bado hiyo si ruhusa.

Mzizi: fukua upande mmoja tu, kata ule wa pembeni usiozidi unene wa kidole gumba, na ufukie shimo. Shimo la dawa lililoachwa wazi ni tusi. Kama mti si wako, omba kwa mwenye shamba, na kama ni msitu wa hifadhi, usiguse. Kuomba ruhusa kwa mti hakukuondolei kuomba kibali cha serikali. Niulize mimi.

Usiku mmoja na mbuyu

Kama una mbuyu karibu, hili usilikose. Mvua za vuli zinapokaribia, mbuyu hutoa maua, yananing'inia na vikonyo virefu kama taa. Chagua tumba lililonenepa unaloliona vizuri, nenda baada ya kuswali magharibi, na chupa ya chai ya tangawizi na mtu mmoja asiyependa kuongea. Mimi nilikwenda na binti yangu wa miaka kumi.

Tumba hufunguka jua likishazama, na hufunguka mbele ya macho yako. Kwanza lilipasuka ncha, tukadhani ni upepo. Kisha petali nyeupe zikaanza kujikunja kwenda nyuma, nene, zimekunjamana kama kanzu iliyotoka kukamuliwa, na katikati likatoka furushi la nyuzi kama usinga. Binti akaninong'oneza, "Baba, linapumua." Harufu yake si asumini, tuseme kweli, ina uvundo kidogo. Lakini haikutengenezwa kwa ajili yetu. Giza lilipokolea tukasikia mabawa, popo walewale wanaotumalizia maembe, akaja mmoja akalikumbatia ua zima, uso ndani, akaondoka na unga kifuani kwenda ua jingine. Bila wao ubuyu ungepungua sana. Asubuhi tukalikuta ua chini, limeshageuka rangi ya kahawia.

Tangu siku ile binti yangu hawapigi popo mawe, na sikumwambia neno.

Ardhi nayo ina historia

Mti umesimama mahali. Uliza mahali hapo palikuwa nini. Muulize mtu mzima kuliko wewe: nani alilima hapa kwanza, kisima kilikuwa wapi, makaburi yako wapi. La makaburi liulize kabla hujachimba choo. Kwetu Tanga jibu mara nyingi litapita kwenye mkonge, na mkonge si mwenyeji: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutoka hivyo 62 nchi ikabadilika sura, misitu ikafyekwa, watu wakaletwa kutoka mbali kukata majani, na wajukuu zao ndio majirani zako leo. Ukisimama kwenye shamba la mkonge lililoachwa, udongo mwekundu na nyasi, salimia pia hao waliovuja jasho pale.

Na maji. Wewe wa mjini unayefungua bomba, unakunywa Mto Zigi. Unaanzia Usambara Mashariki, misitu ya Amani, unateremka mpaka bwawa la Mabayani, ndipo unaletewa. Ile mizizi kule juu ndiyo inayoyashika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Mlima ukiwa mtupu, mvua yote inashuka siku moja ikiwa tope. Fanya safari mara moja tu maishani: panda gari Muheza, panda la Amani, teremka, ingiza miguu mtoni. Kisha rudi nyumbani ufungue bomba. Mimi bilauri ya kwanza ya asubuhi nainywa nimekaa, baada ya bismillahi nautaja Zigi kwa jina. Mke wangu sasa naye anataja.

Kwetu kitovu cha mtoto kilizikwa na juu yake ukapandwa mnazi. Wangu upo bado, mrefu, haufai hata kwa madafu kwa uzee. Kama chako hakikuzikiwa mti, hujachelewa. Panda mmoja kwa jina lako mahali ambapo hutahamishwa.

Kupanda mbuyu, na nilivyouua

Mbegu za ubuyu, zile unazozitema baada ya kumumunya, zina ganda gumu. Ubuyu uliopikwa na sukari na rangi haufai, tafuta zilizotoka kwenye tunda lililokomaa, ambazo hazijapikwa. Zitie kwenye maji yaliyotoka kuchemka, ziache zipoe humo usiku kucha, kisha uzipande kwenye viriba vyenye mchanga mwingi. Usizizamishe kwa maji kila siku, zitaoza.

Zangu zilitoka nne. Nikauhamishia mche mmoja shambani, nikafurahi, nikasahau kuuwekea uzio. Masika yakaja, magugu yakaja, nikaingia na jembe. Watu husema mbuyu ulianza kama mchicha, na mimi nilidhani ni msemo wa kuwapa moyo wenye biashara ndogo. Kumbe ni habari ya kweli: mbuyu mchanga hauna vile vidole vitano. Una jani moja moja, la kawaida, lisilo na sura ya mbuyu hata kidogo. Niliung'oa pamoja na mchicha pori, nikautupa njiani, na nikaugundua kwa mzizi wake tu, mnene mweupe kama karoti, umeshanyauka. Nilikaa chini pale pale.

Basi weka uzio wa miiba siku hiyohiyo unapopanda, na kijiti kirefu chenye kitambaa cha rangi, kwa ajili yako mwenyewe na jembe lako. Mbuyu wa pili una miaka minne sasa, unanifika kiunoni, na mwaka jana ulitoa jani la kwanza la vidole vitatu.

Deni la zamani

Mwaka jana huohuo nilipanda basi la Handeni. Nilitaka kuona nilipokata. Palipokuwa na tanuri pamebaki duara la udongo mweusi, nyasi zimeota nzito kuliko kwingine. Visiki vingi vimekufa. Lakini migunga kadhaa ilikuwa imechipua kutoka ubavuni, machipukizi saba, manane, yamesongamana kama ufagio, mbuzi wanayala ncha.

Kama una deni la namna hiyo, huna haja ya kununua miche. Mizizi ya kisiki iko hai na iko chini tayari. Chagua machipukizi mawili yaliyonyooka na kunenepa, mengine yakate karibu na kisiki kwa kisu kikali, na yale mawili yapunguze matawi ya chini hadi nusu ya urefu, nguvu yote iende juu. Funga alama, zungushia miiba uliyoikata. Rudi baada ya miezi michache, yatakuwa yametoka mengine, kata tena. Kuna mikoa wameirudisha miti mingi hivyo, wanaita kisiki hai.

Nilivua viatu, nikapiga hodi kwenye kila kimoja kabla ya kutia kisu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza visiki kumi na kimoja. Akatokea kijana na mbuzi wake, akasimama kunitazama, mtu mzima peku kati ya miiba anazungumza chini chini.

"Shikamoo mzee. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Hapana, nimekuja kusalimia."

Akatazama kisiki, akanitazama, akapiga mluzi, akawageuza mbuzi wakashika njia nyingine.